Fundi Fremu Aomba Radhi kwa Niaba ya Nahodha

Mimi hasira zangu ziko karibu, nalisema mapema ili mtu asije akanishangaa. Nimejalidi vitabu miaka thelathini na moja katika chumba cha nyuma cha maktaba, chumba chenye dirisha moja linalotazama ukuta. Mtu akikaa na gundi, sindano na ukuta kwa miaka yote hiyo, hawi mpole. Kwa hiyo nikisema kaka yangu ni mkaidi, mdogo wetu ni mwongo na mimi mwenyewe ni afadhali ya jana, si kwamba nawachukia watu. Nawasema kwa sababu nawajua.

Maktabani kwetu kuna rafu moja ambayo mkutubi mkuu wa zamani aliipa jina refu: Maisha, Safari na Mapatano Yaliyokosa Bahati. Alitaka kuandika vibao vitatu, akapata ubao mmoja. Sisi tunaiita Rafu ya Nuksi. Ina vitabu kumi na vinne, vinene vyote, maana mtu mwenye raha humalizika kurasa themanini, lakini mtu wa mikosi hana mwisho. Humo utamkuta nahodha aliyemwacha mkewe kisiwani akaenda kutafuta maji, akarudi baada ya miaka tisa na maji, na mke mwingine. Utawakuta washirika wawili waliochimba mgodi mmoja kutoka pande mbili za mlima, wakakutana katikati gizani, wakauana kila mmoja akidhani mwenzake ni mwizi. Yuko malkia aliyeolewa na mfalme jirani ili vita isije, na vita ikaanzia kwenye karamu ya arusi kwa kugombea kiti. Yuko pia mvumbuzi aliyeingia jangwani na rafiki yake na punda mmoja. Huyo punda alitutesa sana.

Hakuna aliyekuwa akiviazima. Mkutubi wa sasa akaondoa kikomo: vitabu vingine vitatu kwa wiki, Rafu ya Nuksi chukua hata vyote. Wapi! Mwanzoni mwa mwaka akaniamuru nivijalidi upya, labda vikivaa vizuri vitapata watu. Nikavishona, nikavikata kingo kwa mashine, na kingo nikazipaka rangi nyekundu.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo penye jambo. Kingo zikipakwa rangi, ikikauka kurasa hushikana kidogo. Msomaji wa kwanza akifungua, kila ukurasa huachia kwa kamlio kadogo, te, te, te. Ukishafunguliwa mara moja, haulii tena. Mtu anaweza kumdanganya mkewe kwamba amesoma kitabu, anaweza kumdanganya mwalimu wake, lakini mimi hanidanganyi.

Wiki ileile vikaazimwa vyote kumi na vinne, na mtu mmoja. Mkutubi nusura apige vigelegele. Baada ya siku saba vikarudi, nikavikagua. Majalada yalikuwa na unga wa mbao. Kimoja kilikuwa na tone la gundi, na si gundi yangu, ni ile ya maseremala. Nikapinda pembe ya kila kitabu kidogo tu, nikatazama kingo. Kurasa zilikuwa zimeshikana vilevile nilivyoziacha. Nikasoma jina kwenye kadi, nikaona ni yule fundi fremu wa mtaa wa nyuma, nikaelewa. Alikuwa anavitumia kukandamizia mbao zilizopakwa gundi. Nikacheka peke yangu, nikamwacha aendelee kuviazima kila wiki. Kitabu kisichosomwa angalau kifanye kazi.

Sikujua kwamba mtu huyo alikuwa njiani kuja kwetu.

Kwetu ni ghorofa ya tatu, vyumba vitatu na ngazi nyembamba. Anakaa kaka yangu, nakaa mimi, na alikuwa akikaa binti yake, tunayemwita Kidoti kwa sababu ya alama iliyo kidevuni mwake. Mama yake, wifi yangu, alifariki mtoto akiwa na miaka minne. Nilikuja na begi moja kusaidia wiki mbili, na wiki mbili hizo zimefika miaka ishirini na tatu. Sikuolewa wala sikuzaa, na mtu asinionee huruma. Nilikuwa na Kidoti. Nilimfundisha kushona kifungo, kuchagua nyanya na kumjibu mtu jeuri bila kupandisha sauti. Asubuhi tulikuwa tunakunywa chai tumesimama jikoni, mimi na yeye, kwa kuwa kaka huijaza meza magazeti. Tulikuwa tunawasema watu, tunacheka, halafu kila mtu anakwenda kazini kwake. Kwangu ile chai ndiyo ilikuwa siku yenyewe, yaliyobaki ni kupitisha saa.

Kidoti anafanya kazi studio ya picha, na picha kubwa hupelekwa kwa fundi fremu. Mambo yao yakaanzia hapo. Jioni moja akasimama mbele ya baba yake akasema kuna mtu anataka kuja kumposa.

Kaka yangu alikuwa mkaguzi wa mizani hadi alipostaafu. Alizunguka madukani na sanduku la mawe ya kupimia, akiwaumbua wenye mizani za uongo. Kwake kitu kisichopimwa hakipo.

"Ana nini kichwani?" akauliza.

Kidoti hakutegemea swali hilo. "Ana vitabu, baba. Meza yake imejaa vitabu. Vinene."

"Msomaji!" Kaka akafurahi, kisha ukaguzi ukampanda. Akanigeukia. "Dada, wewe uko maktaba. Niletee orodha ya anachosoma."

Hapo ndipo ningesema. Maneno machache tu: kaka, huyo hasomi, anakandamizia mbao. Nilimtazama Kidoti, uso umemnawiri, macho yanacheka, nikaiona jikoni asubuhi bila yeye. Nikasema, "Nitakuletea." Kesho yake nikaleta orodha ya vitabu kumi na vinne, na chini ya kila jina, isipokuwa la kitabu kinene kuliko vyote, ambacho sikuwahi kukisoma, nikaandika kwa mkono wangu kitabu kinahusu nini. Hakukuwa na uongo hata mstari mmoja. Ndivyo nilivyojifariji.

Kaka aliisoma mara mbili. "Kisiwani," akasema. "Mgodini. Jangwani. Sumu. Sumu tena. Kiti." Akavua miwani. "Dada, huyu mtu anajifunza kazi."

Akaitisha kikao cha ukoo. Akaja Mjomba, kaka wa marehemu wifi, fundi wa meno ya bandia, mtu mwema anayelia upesi. Akaja na mdogo wetu wa mwisho, anayetangaza safari katika kituo cha mabasi. Huyo tunamwita Tarumbeta na sina haja ya kueleza. Uamuzi ukawa huu: wazee wataviazima vitabu vyote kumi na vinne wavisome, kila Jumapili alasiri watatoa taarifa, na mposaji atakuja kujibu. Kaka akachukua vitano, Mjomba vitano, Tarumbeta vinne. Mimi nilisamehewa kwa kuwa nilivishona.

Jumapili ya kwanza fundi fremu akaja. Mrefu, mwembamba, shati limepigwa pasi mpaka linang'aa, plasta kwenye kidole gumba. Akaamkia kila mtu, akakaa ukingoni mwa kiti.

"Uliviazima vitabu hivi?" kaka akaanza.

"Ndiyo, mzee."

"Kwa hiari yako?"

"Ndiyo, mzee."

"Basi tueleze. Nahodha alimwachaje mkewe kisiwani?"

Fundi akamtazama Kidoti. Kidoti akatazama sakafu. Si mjinga yule kijana. Aliona mara moja kwamba mchumba wake amemsifia usomaji, na kwamba akisema sijasoma atakuwa amemwita binti mwongo mbele ya baba yake.

"Alikosea, mzee," akasema.

"Alikosea! Miaka tisa!" Mjomba akadakia. "Wewe ungefanyaje?"

"Ningekwenda naye."

"Mashua ni ya mtu mmoja!"

Fundi akafikiri. "Basi ningebaki naye na kiu yangu."

Jibu lilimgusa Mjomba, nikaona, ila akakaza uso. Kaka hakuguswa. "Omba radhi," akasema.

"Kwa nani, mzee?"

"Tuanzie kwa mke wa nahodha."

Kijana wa watu akasimama, akaweka mkono kifuani, akasema, "Namwomba radhi mke wa nahodha kwa yote aliyoyapata." Kaka akaandika kwenye daftari.

Jamani, ukishaanza hivyo utaishia wapi? Jumapili ya pili akaomba radhi kwa wachimba mgodi wote wawili, na kwa sababu hawakuelewana hata katika kufa, ikabidi amwombe kila mmoja peke yake. Jumapili ya tatu akamwomba radhi malkia, kisha mfalme, kisha aliyekitengeneza kile kiti. Kaka akaona radhi peke yake haina meno, akaanzisha mkataba. Asipande chombo chochote cha majini bila mkewe. Asichimbe. Asishirikiane na mtu yeyote aliyekutana naye gizani. Akialikwa na mfalme, asikae mpaka aoneshwe kiti chake. Akirithi kasri, akatae. Kila kifungu fundi alitia sahihi, na kila alipotia sahihi wazee walipata kifungu kingine.

Kazi za watu zililala. Mjomba alichukuliwa na vile vitabu moja kwa moja. Mteja wake mmoja alikula uji wiki nzima huku meno yake yamekaa dirishani, kisa Mjomba anataka kujua kama binti wa gavana atafika bandarini kabla ya barua. Kaka, ambaye sikuwahi kumwona akishika kitabu kisicho na jedwali, alianza kusoma mezani akiwa na kijiko mdomoni. Wakagombana. Mjomba alisimama upande wa mke wa pili wa nahodha, akisema hata yeye hakuambiwa kama kuna wa kwanza. Kaka akamwambia anatetea uhuni. Siku mbili hawakusemeshana.

Tarumbeta ndiye aliyewapiku wote. Alipewa kitabu kinene kuliko vingine, na taarifa yake ya Jumapili ya nne ilichukua saa nzima na dakika kumi. Ndugu watatu walirithi kasri moja, akasema, na yule mdogo, aliyedharauliwa na wenzake tangu utotoni, akawatilia sumu kwenye mvinyo. Alisimama, akaigiza, akaanguka zulia likakunjika. Mjomba akalia. Fundi fremu akaombwa awaombe radhi ndugu wawili, akawaomba. Tarumbeta akataka na yule wa tatu aombwe, kwa kuwa alidharauliwa. Akaombwa.

Siku hiyohiyo fundi alithubutu kuuliza jambo. "Wazee wangu, naomba mnirudishie japo kimoja. Kile kinene."

"Mnaona?" kaka akajipiga kofi gotini. "Hawezi kukaa bila mambo hayo!"

Mimi nilijua anakitakia nini. Nilikuwa nimepita karakana yake katikati ya wiki, nikachungulia tu kama mpita njia. Fremu ya kioo kikubwa ilikuwa imelala mezani, mbao zake zimeinuka kila pembe kwa kukosa uzito juu, na yeye amezikalia. Ndiyo, amezikalia, mtu mzima, anasubiri gundi ikauke. Aliniona, akainua mkono akaniamkia kwa heshima. Nikaitikia, nikaondoka haraka.

Nilikuwa najiona mbaya? Nilijiona. Kila Jumapili nilijiambia nitasema kesho. Kisha kesho asubuhi Kidoti anakuja jikoni, anachukua kikombe chake, anaegemea sinki, nami namezea. Wanasema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi ndiye nilikuwa nguoni mwake, tena nimekaa vizuri.

Jumapili ya tatu Kidoti alikuwa amenipa nafasi. Tulikuwa tunapanga vikombe kwenye sinia, wazee wanazozana sebuleni.

"Shangazi," akasema, "wewe ndiye fundi. Vile vitabu unavionaje?"

Nikaangalia kikombe nilichoshika. "Vitabu ni vitabu," nikasema.

Akanitazama muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika. Kisha akainua sinia akaenda nalo.

Ikafika Jumapili ya sita, siku ya hukumu. Kitabu kilichobaki kilikuwa cha mvumbuzi na rafiki yake, na mtoa taarifa ni Mjomba, aliyekuja na leso mbili. Marafiki hao waliingia jangwani na punda mmoja. Wakagombea kumpanda. Wakapatana, kwa maandishi, kwamba nusu ya mbele ni ya mmoja na nusu ya nyuma ni ya mwenzake. Mwenye mbele akasema twende kaskazini, mwenye nyuma akasema kusini. Punda akasimama. Walikaa juu yake siku nne wakibishana kuhusu mkataba, mgongoni mwake kuna kiriba kimejaa maji, na hakuna aliyekubali kushuka kukifungua, akihofia mwenzake atamnyang'anya nusu yake. Wakafa wakiwa wamekaa. Punda akafa akiwa amesimama.

"Alikosa nini punda?" Mjomba akamuuliza fundi fremu, machozi yanamtiririka. "Wewe uliyesoma, niambie. Alikosa nini?"

"Hakukosa kitu, mjomba," fundi akasema polepole.

Kaka akafunga daftari. Mkataba ulikuwa na vifungu arobaini na kimoja. Akakohoa kama alivyokuwa akikohoa zamani kabla ya kumfungia mtu duka.

"Nimepima," akasema. "Nimeongeza upande huu, nimeongeza upande huu. Haikai sawa. Mtu anayependa mikosi kiasi hiki hawezi kuleta heri nyumbani kwa mtu. Posa tunaikataa."

Kidoti hakupiga kelele. Aliweka viganja vyake viwili usoni akatulia hivyohivyo. Hata Tarumbeta alinyamaza, jambo ambalo halijawahi kuonekana.

Fundi fremu akasimama. Nilidhani atawatukana, na angekuwa na haki. Badala yake akawashukuru wazee kwa muda wao. Akamshukuru shangazi kwa chai, yaani mimi. Akageuka aende, akafika mlangoni, akarudi hatua mbili.

"Na kuhusu punda," akasema, "nisameheni. Nilipaswa kumpa maji."

Nikasimama.

"Hajasoma!" nikapiga kelele. "Hajasoma hata kimoja, wapumbavu nyie! Huyu hamjui nahodha, wala punda hamjui! Anavitumia kukandamizia mbao!"

"Dada, kaa chini," kaka akasema.

"Sikai! Mimi ndiye niliyevijalidi. Kurasa zake zilirudi zimeshikana kama nilivyozipeleka. Kitabu kilichofunguliwa nakijua, na kisichofunguliwa nakijua. Leteni chochote ambacho hamjakigusa!"

"Tumevisoma vyote," kaka akasema, tena kwa fahari.

Ni kweli, walivisoma. Ushahidi wangu wote waliufungua wao. Nilisimama hapo sina la kushika. Halafu macho yakaniangukia juu ya kile kinene, alichokuwa nacho Tarumbeta, kimewekwa juu ya kabati. Nikakishusha. Kingo nyekundu, safi, hazina hata mkwaruzo. Nikakifungua mbele ya watu wote.

Te, te, te, te, te.

Nikafungua katikati. Te, te, te. Nikafungua mwisho, mahali pa sumu. Te, te, te.

Vichwa vyote vikamgeukia Tarumbeta. Alikuwa ameanza kufunga kamba za viatu vyake.

"Na ndugu watatu?" kaka akauliza.

"Nilisoma jina la kitabu," Tarumbeta akasema. "Jina linatosha kwa mtu mwenye akili. Mimi hutangaza mabasi kutwa, kwani nayapanda?"

"Nililia!" Mjomba akamaka.

Kaka akaninyang'anya kitabu, akasoma ukurasa wa kwanza, wa pili. Hakukuwa na kasri wala ndugu. Kilikuwa cha mjane aliyemwajiri jirani yake amlindie mizinga ya nyuki. Fundi fremu alikuwa amewaomba radhi watu watatu kwa mauaji ambayo hata kitabuni hayakutokea.

"Wewe," kaka akamwambia fundi, "ni kweli? Unakandamizia mbao?"

"Ni kweli, mzee. Nisamehe."

"Acha kuomba radhi! Kwa nini hivi? Kwa nini si mawe?"

"Jiwe halina tarehe ya kurudisha, mzee," fundi akajibu. "Nikiwa na tarehe namaliza kazi. Na vitabu vingine vina wasomaji. Sikutaka mtu afike pale akikose chake kwa ajili yangu. Hivi havikuwa na mtu."

Fundi, kwa kuwa kwa mara ya kwanza aliulizwa kitu anachokijua, akaendelea. "Halafu vina uzito mzuri. Nahodha ana kilo mbili na robo, huyo nampeleka kwenye pembe. Malkia na wa mgodini wako sawasawa kabisa, nawaweka pande mbili, fremu haipindi."

"Sawasawa kabisa?" kaka akasema. "Nani kasema?"

"Mkono wangu, mzee."

Kaka akaingia chumbani, tukamsikia akivuta sanduku kutoka uvunguni. Akatoka na mizani yake ya shaba ambayo haikuona mwanga tangu astaafu. Akaweka malkia huku, akaweka wachimba mgodi kule. Mshale ukacheza, ukasimama katikati, haukwenda kushoto wala kulia. Akapima nahodha. Kilo mbili na robo. Akapunguza, akaongeza, akapima tena. Robo ni robo. Nilimwona kaka yangu akimtazama yule kijana kama mtu aliyempata ndugu yake aliyepotea.

"Mbona hukusema tangu mwanzo?" akamuuliza, karibu kwa kubembeleza. "Jumapili sita nakuuliza habari za visiwa! Ungesema tu!" Kisha akawatangazia wazee, kana kwamba kuna aliyepinga, kwamba binti yake ataolewa na mtu anayejua uzito wa vitu. Mjomba alikubali kwa sharti kwamba mkataba ubaki palepale, hasa kifungu cha punda, ambacho kilikuwa bado hakijaandikwa. Kikaandikwa. Fundi akatia sahihi akicheka na kujifuta macho. Tarumbeta akasema yeye alijua tangu mwanzo.

Katika furaha yote ile hakuna aliyeniuliza nilijua tangu lini. Wanaume wanne walikuwa wameinamia mizani. Nikakusanya vikombe, nikaenda navyo jikoni, nikafungua maji. Kidoti akanifuata, akafunga mlango.

"Jumapili sita, shangazi," akasema.

Sikugeuka. "Ulijua kwamba hasomi?"

"Nilikuwa namwona anavipanga juu ya mbao kila siku. Ningekosaje kujua?" Akavuta pumzi. "Na wewe nilijua unajua. Kitabu hakipiti mikononi mwako ukakosa kujua."

"Basi mbona hukumwambia baba yako?"

"Mimi? Wangesema namtetea. Nimeshajitia kwenye uongo wa vitabu vinene, nani angenisikiliza? Wewe ndiye fundi. Neno lako moja lingetosha. Nikasema moyoni, shangazi atasema leo. Nikasema atasema Jumapili ijayo. Nikakuuliza hapahapa, umeshika kikombe hichohicho." Akaanza kulia, ila sauti hakuipandisha. "Anaomba radhi kwa mchimba mgodi, nakutazama wewe. Anaomba radhi kwa kiti, nakutazama wewe."

Povu la sabuni lilikuwa limenifika kwenye viwiko. Nikasema kilichokuwepo.

"Nilikuwa sitaki uondoke."

"Najua."

"Nakupenda, Kidoti. Sina mwingine."

"Najua, shangazi. Lakini ungeniambia hivyo. Ungesema, Kidoti, usiende. Ningekwenda, ila ungekuwa umeniambia mimi. Ukaacha mtu wa watu apigwe maswali wiki sita kwa ajili ya jambo lililokuwa letu sisi wawili."

Nikazima maji. Sebuleni kaka alikuwa akipima kitabu cha nyuki na watu wakishangilia. Nina miaka hamsini na minane na sijawahi kumwomba mtu kitu nikijua nitanyimwa. Nikageuka, mikono inachuruzika, nikamwambia.

"Usiende."

Akanitazama. Akachukua taulo, akanishika mkono wa kulia akaukausha, kisha wa kushoto, taratibu, mpaka kati ya vidole.

"Naenda, shangazi," akasema.

Hakunikumbatia siku ile. Wiki mbili zilizofuata tulikunywa chai tukiwa tumesimama kama kawaida, ila tulizungumzia mvua. Kosa langu lilikuwa limesimama hapo katikati yetu, nami nililiacha lisimame, maana lilikuwa langu.

Siku ya kuhama fundi fremu aliazima mkokoteni, akaupakia chini barabarani pamoja na kaka na Mjomba. Juu tulibaki mimi na Kidoti na godoro lake. Ngazi zetu ni nyembamba, godoro halipiti bila watu wawili. Nikashika upande wa chini, ndio wenye uzito, nikaanza kushuka kinyumenyume. Kwenye kona ya ghorofa ya pili aliniuliza kama nimechoka. Nikamwambia sijachoka, twende.